Faili Lisilofutika: Nani Amelishika?



Somo la leo linaanzia kwenye kompyuta na litaishia kwenye kiti cha maungamo, au karibu na hapo. Wale ambao mmekuja kutafuta jinsi ya kufuta faili lililogoma, msiondoke, maelezo yapo na yanafanya kazi. Na wale mliokuja kwa ajili ya tafakari ya Kwaresima, nivumilieni kidogo kwenye mambo ya Windows.

Ilikuwa Jumatano ya Majivu, usiku. Nimetoka kanisani, majivu bado yako kwenye paji la uso, nimekaa chumbani kwangu hapa Sinza, si mbali na kituo cha Kwa Remmy. (Kwa wageni wa jiji: kituo kile kimebeba jina la mwanamuziki Remmy Ongala, aliyezaliwa Kongo, akapiga dansi miaka mingi hapa Dar, na kabla ya kufariki Desemba 2010 alikuwa amegeukia nyimbo za Injili. Huwa nalikumbuka hilo nikishuka kwenye daladala.) Kwenye kompyuta yangu mpakato kulikuwa na folda moja. Sitazunguka: ilikuwa na video za ngono. Nilikuwa nimeshaungama jambo hilo zaidi ya mara moja, na folda ilikuwa bado ipo. Safari hii nilikuwa na sababu mbili za kuharakisha. Ya kwanza ni Kwaresima yenyewe. Ya pili, mdogo wangu wa kike alikuwa anakuja Jumapili kutoka Songea kuanza kozi ya cheti, na nyumbani kompyuta ni moja tu.

Nikabonyeza kulia, nikachagua kufuta. Ikaja ile taarifa ambayo wengi mnaijua: kazi hii haiwezi kukamilika kwa sababu folda, au faili lililo ndani yake, limefunguliwa kwenye programu nyingine. Nikajaribu tena. Vilevile. Nikafunga kila kitu nilichokiona kwenye kioo, nikajaribu mara ya tatu. Vilevile. Nikazima kompyuta, nikaiwasha, nikarudia. Limegoma.

Unajua nilichofanya? Niliificha. Nikaingia kwenye sifa za folda, nikaweka alama kwenye kisanduku cha kuficha, ikapotea machoni. Nikalala na majivu yangu.

Sasa tuseme ukweli wa kitaalamu kwanza. Faili halina ukaidi wowote. Halina nia, halina nguvu, ni data tu imelala kwenye diski. Likikataa kufutika, mara nyingi ni kwa sababu kuna programu imelishika. Kila programu inayofungua faili hupewa na Windows kitu kama mpini wa kulishikia, na programu hiyo inaweza kuuambia mfumo kwamba mtu mwingine asilifute mpaka yenyewe imalize. Ukigombana na faili utakesha. Unayetakiwa kumtafuta ni mwenye mpini.

Namna ya kumtafuta ni hii. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager litafunguka na kukuonyesha programu zote zinazofanya kazi, hata zile zisizoonekana kwenye kioo. Ukiiona unayoishuku, ichague na ubonyeze End task. Kama hujui ni ipi, andika resmon kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, fungua ukurasa wa CPU, na kwenye kisanduku cha Search Handles andika jina la faili au sehemu yake. Itakutajia jina la programu iliyolishika. Mara nyingine mwenye kulishika ni lile dirisha lenyewe la kuangalia mafaili, kwa sababu linajaribu kutengeneza kipicha kidogo cha video. Hapo funga madirisha yote na uzime sehemu ya kuonyesha picha za awali.

Kama bado, washa kompyuta katika hali salama. Shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, kisha pita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, bonyeza Restart, na ikiwaka chagua namba 4. Katika hali hiyo Windows huwasha yale ya lazima tu. Programu nyingi za pembeni hazipati nafasi ya kuamka, na faili lililokutesa wiki nzima linafutika kwa sekunde moja.

Kuna sababu nyingine nitazipitia haraka. Taarifa ikisema huna ruhusa, faili linahesabiwa kuwa la mtumiaji mwingine. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika takeown /f na kufuatisha njia ya faili ndani ya alama za kunukuu. Hilo fanya kwa faili lako tu, na usiguse kitu chochote ndani ya folda ya Windows hata kama mtu wa YouTube amekuambia. Kama njia ya faili ni ndefu kupita kiasi, yaani folda ndani ya folda ndani ya folda mpaka herufi zikapita 260 hivi, fupisha majina ya folda za juu kwanza. Na tafadhali, usipakue programu ya kufuta mafaili sugu kutoka tovuti usiyoijua. Watu wamefuta faili moja wakaingiza virusi kumi.

Wale wa fleshi nao wana lao. Unachomeka kwenye kompyuta ya stesheneri kuchapisha barua ya kuomba kazi, ukirudi nyumbani mafolda yako yote yamegeuka njia za mkato. Unazifuta, zinarudi. Unazifuta, zinarudi. Ni kwa sababu kirusi chenyewe kimeshahamia kwenye kompyuta na kinafanya kazi kimyakimya, mara nyingi kupitia programu inayoitwa wscript.exe. Kinaandika upya kila unachofuta. Simamisha hicho kwanza kwenye Task Manager, safisha kompyuta kwa antivairasi, ndipo uende kwenye fleshi. Kazi zako hazijapotea, zimefichwa tu. Kama fleshi inasomeka kama E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kwenye Command Prompt na zitaonekana tena.

Haya yote sikuyajua Jumatano ile. Niliyajua Ijumaa, na niliyajua kwa aibu.

Kuna kijana mwenzetu wa VIWAWA ni fundi wa simu na kompyuta, ana kibanda chake barabarani. Nikampigia.

"Fundi, kuna faili limegoma kufutika."

"Faili la nini, kaka?"

"La kazi tu."

"Linafunguliwa na programu gani?"

Nikanyamaza. Akasubiri kidogo, akasema, "Kaka, usiponiambia ni faili la aina gani, mimi nakusaidiaje? Nitakuwa nabahatisha."

Nimesoma Katekisimu ya Kanisa Katoliki tangu nikiwa TYCS, na namba 1456 inaelezea jambo hilihili kwa mfano wa Mtakatifu Jeromu: mgonjwa akiona haya kumwonyesha mganga kidonda chake, dawa haiwezi kutibu kisichojulikana. Nilikuwa naijua, nimewahi hata kuifundisha kwenye semina. Lakini nilikuwa kwenye simu na fundi, siyo padri, na hata kwa fundi nilishindwa kutaja neno moja.

Mwishowe nikamwambia. Ni video. Nilizipakua kwa ile programu ya kupakulia sinema.

Hakucheka. Akasema, "Sawa. Angalia chini kulia, karibu na saa. Kuna kimshale kidogo, kibonyeze. Umeiona?"

Niliiona. Ile programu ilikuwa imejikunja pale kama paka aliyelala. Nilikuwa naifunga kwa alama ya X kila siku, na kumbe X haikuwa inaizima, ilikuwa inaificha tu. Na kila nikiwasha kompyuta ilikuwa inaamka yenyewe. Ndiyo maana kuzima na kuwasha hakukusaidia kitu.

"Ifungue uone inafanya nini," akasema.

Hapa ndipo niliposhtuka. Programu za aina ile hukata faili vipande vidogovidogo, na kila anayepakua anageuka kuwa mgawaji wa vipande hivyo kwa wengine. Ukimaliza kupakua haiachi. Inaendelea kuwagawia watu mpaka uiambie iache. Kwenye safu ya vilivyotumwa niliona nimeshawatumia watu nisiowajua mara tatu ya ukubwa wa faili lenyewe. Usiku, nikiwa nimelala. Bando langu lilikuwa linaisha kabla ya wakati kwa miezi, nami nimelaumu mtandao wangu wa simu mpaka nimechoka, kumbe mwizi nilimfuga mwenyewe.

Nilikuwa na utetezi mmoja ambao nilikuwa nimeutunza vizuri sana moyoni: hili ni jambo langu binafsi, halimdhuru mtu. Utetezi huo uliisha pale nikiwa na simu sikioni. Katekisimu, namba 2354, inasema wazi kwamba picha za namna hiyo zinaumiza heshima ya wanaopigwa, wanaouza na wanaotazama. Namba 2284 na zinazofuata zinaeleza kwazo, yaani kumwongoza mwingine kutenda uovu. Nilizoea kudhani kwazo ni jambo la watu wakubwa, viongozi. Na tukiacha Kanisa, hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hapa Tanzania inakataza kuchapisha ponografia kupitia mfumo wa kompyuta. Nilikuwa nagawa, na sikujua kwamba nagawa. Au tuseme sikutaka kuuliza.

Nikaifungia programu kabisa, siyo kwa X, kwa kubonyeza kulia na kuchagua kutoka. Nikaiondoa kwenye orodha ya zinazoamka na kompyuta, halafu nikaiondoa kwenye kompyuta yenyewe. Nikaifichua folda. Nikabonyeza Shift na Delete, ambayo hufuta moja kwa moja bila kupitia kapu la taka. Haikuchukua hata sekunde tatu.

Vijana, nadhani mmeshaona ninapoelekea. Tunaungama dhambi ileile Pasaka, tunaiungama Noeli, tunarudi tunasema, "Padri, ni ileile." Wengine wanakata tamaa, wanasema mimi ndivyo nilivyoumbwa. Mtakatifu Augustino alipitia hapo. Katika Maungamo yake, kitabu cha 8, anaeleza jinsi tamaa iliyohudumiwa inavyozaa mazoea, na mazoea yasiyopingwa yanavyogeuka kuwa kama lazima, pingu juu ya pingu. Aliyafahamu hayo kwa uzoefu, na alikuwa ameshapita miaka 30 alipobatizwa na Mtakatifu Ambrosi huko Milan, Pasaka ya mwaka 387. Kanisa linalijua jambo hili pia: namba 1735 ya Katekisimu inakiri kwamba mazoea yanaweza kupunguza uzito wa lawama ya mtu. Hiyo si ruhusa. Ila ukikuta unapambana na kitu ambacho nia yako peke yake haikiwezi, mwambie padri hivyohivyo, na usione haya kutafuta mshauri pia.

Lakini swali linabaki lilelile la fundi: nani amelishika? Mimi nilikuwa nahangaika na folda. Majuto yangu yalikuwa ya kweli, machozi yalikuwa ya kweli, ila kusudio la kuacha lilikuwa halijagusa kile kinachofanya kazi pembeni. Kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza tuliambiwa tukusudie kuacha dhambi pamoja na nafasi za dhambi, na wengi tulikariri hilo neno nafasi bila kulitafakari. Nafasi yangu ilikuwa na saa na mahali: saa tano usiku, mlango umefungwa, bando la usiku, upweke wa Ijumaa wakati Sinza nzima iko baa na mimi najiona mtakatifu kwa sababu niko ndani. Kwako inaweza kuwa namba ya mtu kwenye simu ambayo hujaifuta. Inaweza kuwa programu ya kubeti ambayo umeitoa mara nne na kuirudisha mara tano, kwa sababu bado uko kwenye kundi la WhatsApp la mikeka. Inaweza kuwa hasira juu ya mzazi ambayo hujawahi kumwambia mtu, na kila unachokosea kinaanzia pale.

Jumamosi jioni nilikwenda kuungama. Ya padri siwezi kuyaeleza yote, ingawa muhuri wa maungamo unamfunga yeye na siyo mimi. Nitasema moja tu. Baada ya kunisikiliza aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, hiyo kompyuta huwa unaitumia wapi, na saa ngapi?" Nikajikuta nataka kucheka. Fundi wa pili ndani ya siku mbili.

Hapa mfano wa kompyuta unaanza kunishinda, na ni vizuri useme ulipoishia. Kompyuta ikifuta faili haifuti kitu sana. Inaondoa jina kwenye orodha na kusema nafasi hii iko wazi, lakini kwenye diski ya kawaida data yenyewe inabaki palepale mpaka iandikwe nyingine juu yake, na mtaalamu mwenye programu ya kurejesha anaweza kuiokota. (Wanaotumia Linux wana kituko kingine: unaweza kufuta jina la faili likiwa bado limefunguliwa, jina likatoweka, na faili likaendelea kuishi na kula nafasi mpaka programu iliyolishika ifungwe. Nimeshaungama hivyo mara nyingi.) Ukitaka kusafisha nafasi iliyoachwa wazi kwenye Windows, kuna amri ya cipher /w:C:\ inayoandika juu yake, na inachukua masaa.

Ondoleo la dhambi haliko hivyo. Mungu hana kapu la taka ambalo ataenda kulifukua siku akikukasirikia. Padri anaponyoosha mkono na kutamka maneno yale, kilichosamehewa kimesamehewa. Ila Katekisimu, namba 1459, inatuwekea tahadhari muhimu: maondoleo yanaondoa dhambi, lakini hayatengenezi yote ambayo dhambi imeyaharibu. Ndiyo maana kuna malipizi. Vile vipande nilivyowatumia watu siwezi kuvirudisha. Viko kwenye kompyuta za watu nisiowajua, Mungu anajua wapi. Nilipewa malipizi, nikayatimiza, na bado nasali kwa ajili ya watu hao, pamoja na wale waliopigwa picha zile, ambao nilikuwa sijawahi kuwafikiria kama watu wenye mama zao.

Na kuna lile fumbo la Yesu katika Mathayo 12:43-45, la pepo aliyetoka, akazunguka, akarudi akakuta nyumba ni tupu, imefagiwa na kupambwa, akaenda kuwachukua wenzake saba. Nilikuwa nalisikia kama hadithi ya kutisha. Baada ya Jumamosi ile nalisikia kama maelezo ya saa tano usiku. Saa ile ilikuwa bado ipo, na ilikuwa tupu. Wiki ya kwanza nilikaa nimeitazama tu, na wiki ya pili karibu irudi na wale saba. Siku hizi nasali Sala ya Usiku kwenye simu, inachukua dakika kumi, halafu simu inalala jikoni kwenye chaja. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa mtaalamu wa kompyuta kuliko wengi wetu na akafariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 tu. Alikuwa akiungama kila wiki, na michezo ya video alijiwekea saa moja kwa wiki. Zamani niliona hiyo saa moja ni ushamba wa kitakatifu. Sasa naona alikuwa anajua programu zinavyokaa karibu na saa pale chini kulia.

Jumapili nilimpokea mdogo wangu Kituo cha Magufuli, Mbezi, na begi lake na mfuko wa mahindi ya nyumbani. Tulipofika aliomba kompyuta kabla hata hajala, anataka kutazama fomu zake za chuo. Nikampa, nikakumbuka ghafla: programu ya kuchezea video huhifadhi orodha ya vilivyotazamwa karibuni, majina yote. Nilimwomba dakika moja, nikafungua, na kweli majina yalikuwepo, mafaili yenyewe hayapo. Nikafuta orodha nikiwa nimempa mgongo. Alisema, "Kaka, mbona unatoka jasho?" Nikamwambia ni joto la Dar, atalizoea.

Kompyuta sasa inakaa sebuleni, juu ya meza ya chakula, kioo kikielekea mlangoni. Mdogo wangu anaandikia kazi zake hapo mchana. Mimi naandika makala haya hapohapo, saa mbili usiku, na jirani ameshafungulia muziki wake.